Bibi Spika Aingia Kwenye Beta

Wewe mwenzangu ambaye mkeo au mumeo amejiandikisha kujaribu mifumo ya simu kabla haijatolewa rasmi, vuta kiti tuongee. Najua unayopitia. Unaamka usiku kwenda kunywa maji, unakuta mwanga wa kioo cha simu umemjaa mtu usoni, na huyo mtu kesho ana vipindi vya asubuhi. Ukimwuliza kulikoni, anakujibu bila kugeuza shingo: "Imefika asilimia 60." Basi unarudi kulala, maana hakuna kingine cha kufanya.

Kwangu mimi mtu huyo ni Mama Tunu. Kazini ni mwalimu wa hisabati. Nyumbani cheo chake ni Injinia, na hajatokea wa kukipinga. Tunaishi Tabata, kwenye nyumba ambayo watu ni wengi kuliko vyumba. Yupo Tunu, kidato cha pili, mtoto mwenye vidole vyepesi. Yupo mdogo wake, ambaye jina lake la cheti cha kuzaliwa tumeshalisahau kwa sababu wote tunamwita Kitimutimu. Yupo mama mkwe wangu, ambaye wajukuu walimbatiza Bibi Spika, kwa kuwa mezani hakuna anayeongea mpaka yeye atoe nafasi, na akishasema hoja imefungwa, imefungwa. Na yupo Shemeji Bando. Huyu rasmi anaishi Segerea, ila simu yake inakamata Wi-Fi ya kwetu, kwa hiyo mwili nao umeifuata simu.

Nyumba nyingine zina masika na vuli. Sisi tuna misimu ya beta, yaani matoleo ya majaribio. Kwa miaka mingi, mwaka ulipoanza tu, Google walianza kuwapa watengenezaji wa programu Android inayokuja. Juni, Apple wanaonyesha mifumo yao mipya kwenye mkutano wao wa kila mwaka, kisha inafuata beta ya watu wote, na toleo kamili huwa tunalipata Septemba. Microsoft wao hawana msimu: tangu walipofungua mpango wa Windows Insider mwaka 2014, wanaojitolea wanapelekewa matoleo mapya mwaka mzima. Mimi nazijua tarehe hizi kwa sababu ndizo zinazoamua kama nitakula chakula cha moto.

Lakini nisimsingizie mke wangu. Injinia si mtu wa kubonyeza ovyo. Ana simu yake ya majaribio, ile iliyopasuka kona. Haweki beta kabla ya kuchukua bekapu, na haweki kabisa kwenye simu inayoshika pesa. Na ana kaunta buku nene, ameipiga mistari kwa rula: toleo, tarehe, nilichofanya, nilichotarajia, kilichotokea. Siku moja nilifungua nikidhani ni hesabu za vikoba, nikakuta imeandikwa kwa mwandiko wake ule wa ubaoni: "Nimezungusha simu upande. Nilitarajia picha izunguke. Imezunguka, ikarudi, ikazunguka tena." Nilikaa nayo karibu saa nzima. Mtu anayeandika hivyo saa tisa usiku anastahili heshima, nami ninampa.

Ugonjwa huu aliupatia Mlimani. Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini ambayo menyu zake zilikuwa kwa Kiswahili. Injinia alikuwa mwanafunzi. Anasema alikaa mbele ya ile kompyuta akaisoma menyu moja baada ya nyingine, na palipomkwaza akanong'oneza, akanyanyuka, akaenda kusema. Hapo ndipo alipojua kwamba mashine si amri ya mbinguni. Imetengenezwa na watu, na watu wanaambiwa. Mimi nilikutana naye baadaye, ameshaharibika.

Hata Kitimutimu ana jina lake la beta. Mfumo wa Debian, ambao ni wa familia ya Linux, matoleo yake hupewa majina ya wahusika wa filamu za Toy Story. Lile toleo ambalo halijatulia, ambamo mabadiliko mapya huingia kwanza, siku zote linaitwa Sid, jina la yule mtoto wa jirani anayevunjavunja midoli. Siku Kitimutimu alipofungua rimoti ya televisheni ili aone kwa nini inafanya kazi, mama yake hakugomba. Alimtazama tu akasema, "Huyu ni Sid." Basi mtoto ana majina mawili ya vurugu na anaitikia yote.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe.

Bibi Spika aliiona ile simu ya kona iliyopasuka ikiwa mezani, na toleo jipya lilikuwa na maandishi manene, makubwa, yaliyokaa vizuri kwenye kioo. Macho yake yamechoka. Simu yake mwenyewe huwa anaishika mbali mpaka mkono unaisha.

"Na mimi niwekee," alisema.

"Mama, hii bado ni ya majaribio. Inaweza kukusumbua."

"Mimi nimejaribiwa na mangapi?"

Injinia akakataa kwa adabu, akamwongezea mama yake ukubwa wa maandishi kwenye mfumo wa zamani, akadhani yamekwisha. Lakini wewe uliyelelewa na bibi unajua: ombi likikataliwa na mtoto huhamia kwa mjukuu. Simu ya Bibi zamani ilikuwa ya Injinia, na akaunti ya Injinia ilikuwa bado imo ndani, kwa hiyo mlango wa beta ulikuwa kwenye mipangilio, wazi. Tunu aliubonyeza jioni, Bibi akiwa amemkalia pembeni kama shahidi.

Na wala simu haikuonyesha dalili. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, simu nyingi zimewekewa nafasi mbili za mfumo: unaotumika unaendelea na kazi, mpya unapangwa kimyakimya kwenye nafasi ya pili, na ukiwasha upya ndipo zinabadilishana. Mpya ukishindwa kuwaka, simu inarudi kwenye ule wa zamani yenyewe. Ni akili ya mama anayenunua sufuria mpya lakini hagawi ya zamani mpaka hiyo mpya ichemshe maharage. Tatizo ni kwamba simu inajihukumu kwa jambo moja tu: nimewaka au sijawaka? Ikiwaka vizuri lakini ina kasoro nyingine, yenyewe inahesabu imefaulu.

Ya Bibi iliwaka vizuri. Maandishi manene, makubwa. Alilala kwa furaha.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kumalizia malipo ya ukumbi. Nimesahau kukwambia kwamba Bibi Spika alikuwa mhazini wa kamati ya harusi ya mpwa wake. Ahadi zote za ukoo, za waliotoa na za wanaokwepa, zilikuwa mikononi mwake. Asubuhi akafungua programu ya benki ili atume pesa. Ikamwambia kifaa hiki hakikidhi masharti ya usalama. Hili ni jambo la kawaida kwenye matoleo ya majaribio: programu za pesa hukagua mfumo kabla ya kufunguka, na zikikuta ambao haujaidhinishwa, baadhi yake hugoma. Bibi hakushtuka. Alisubiri mwenyekiti wa kamati apige ili amweleze.

Mwenyekiti akapiga. Bibi akapokea, akakaa sawa kwenye kiti, akaanza kuongea kwa ule utaratibu wake: salamu, hali za watoto, dua, kisha hoja ya kwanza. Upande wa pili tulisikia wote, maana Bibi huweka sauti juu: "Haloo? Haloo, Mama? Mbona kimya?"

Bibi akarudia salamu. "Haloo? Mama, unanisikia?" Akarudia kwa sauti iliyotoa kuku uani. Simu ikakatwa. Ikapigwa tena. Kimya tena. Yeye anawasikia, wao hawamsikii.

Unielewe: katika nyumba hii sijawahi kuona Bibi Spika akiongea na mtu asimsikie. Aliigeuza simu, akaitazama nyuma, akaitazama mbele, akanitazama mimi.

"Baba Tunu, hawa wamenikatia?"

Shemeji Bando, ambaye yuko kwenye kila kundi la WhatsApp la ukoo, ndiye aliyeleta habari kutoka ng'ambo. Kwenye kamati hawakuwa wanazungumzia mtandao. Walikuwa wameshakubaliana kwamba Bibi amesusa. Na walikuwa na sababu. Wiki iliyotangulia kina mama wa kamati walichagua kitenge cha sare bila kumwuliza, cha rangi ya kijani ambayo yeye haipendi, na hakusema neno. Sasa mhazini anapokea simu, anahema, hajibu, na pesa za ukumbi hazijaenda. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Tulimwambia Bibi aandike ujumbe. Haandiki, jambo la heshima kwake husemwa kwa mdomo. Tulimwambia atumie simu yangu. Alisema hawezi kupokea hoja za kamati kwenye simu ya mkwe. Wakati huo Injinia alikuwa sokoni, na alipofika na kapu lake akasikiliza maelezo ya watu wote kwa pamoja, alimtazama Tunu mara moja tu, na Tunu akaenda kuosha vyombo bila kuagizwa.

Hapo ndipo nilipomwona mke wangu kazini.

Kwanza pesa. Benki ile ile ina menyu ya nyota na reli, ambayo inapita kwenye mtandao wa kawaida wa simu na haijali mfumo uliomo ndani. Ingeweza kufanyika kwenye simu hiyo hiyo, lakini Injinia hakutaka pesa za watu ziguse kifaa kilichoonyesha kasoro. "Tafuteni kiswaswadu," alisema. Kiswaswadu kilikuwepo, kwenye droo ya kamba na betri zilizokufa, na chaji ilikuwemo. Kilichokosekana ni kile kifremu cha plastiki cha kukalishia laini ndogo kwenye tundu kubwa. Laini za siku hizi zimekatwa mpaka kimebaki kichipu kitupu. Ukikitia kwenye kiswaswadu kinapotea. Shemeji Bando alileta ile kadi ambamo laini mpya hutoka, yenye tundu katikati. Injinia akaikata kwa mkasi wa kucha, akaipachika laini, akaifunga kwa kipande cha selotepu chembamba nyuma, upande usio na shaba, akaisukuma polepole kwa ncha ya sindano. Mtandao ukakamata. Bibi akabonyeza nyota, tarakimu, reli, akasoma jina la mwenye ukumbi kwa sauti, akaridhika, akatuma.

Mimi nilidhani tumemaliza. Injinia alikuwa ndiyo kwanza anafungua kaunta buku.

"Sasa tutafute ni lini anasikika na ni lini hasikiki."

Tukapangwa, simu ya Bibi ikiwa imebaki na laini yake nyingine. Shemeji akaambiwa asimame barabarani na simu yake awe mpokeaji. Bibi kwenye kiti. Tunu aliitwa kutoka kwenye vyombo awe karani. Injinia akabadilisha kitu kimoja kimoja, hakubadilisha viwili kwa pamoja hata mara moja. Kwa spika ya nje: anasikika. Kwa waya wa masikioni: anasikika. Simu ikiwa sikioni: kimya. Bila Wi-Fi: kimya vilevile. Uani: anasikika! Akarudishwa sebuleni: kimya. Kitimutimu, aliyekuwa amelala chini akitazama juu, akauliza kwa nini uani hakuna feni.

Injinia akazima feni.

"Haloo," alisema Bibi.

"Nakusikia, Mama!" Shemeji alijibu kutoka barabarani, sauti mbili zikituingia, ya simu na ya dirishani.

Feni ikawashwa, Bibi akapotea. Ikazimwa, akarudi. Simu hizi zina maikrofoni zaidi ya moja. Moja inachukua sauti ya mdomo, nyingine inasikiliza kelele za pembeni ili mfumo uziondoe. Toleo lile lilikuwa likisikia muungurumo wa feni yetu na kuondoa kila kitu, pamoja na Bibi. Injinia akafunga madirisha ili magari yasiharibu jaribio, akaanza upya orodha nzima, feni imezimwa, mwezi wa Februari, Dar es Salaam. Jasho lilitutoka mpaka karatasi ikalowa. Hakuna aliyetoka.

Katikati ya hali hiyo wakabisha hodi wajumbe watatu wa kamati. Walikuwa wamekuja kuomba radhi. Walibeba kreti ya soda na doti ya kitenge kipya, cha buluu, na nyuso za watu walioingia nyumba ya msiba: madirisha yamefungwa, hakuna feni, watu wamekaa kimya wanavuja jasho, na Bibi Spika amenyooka kwenye kiti katikati. Mwenyekiti alipiga magoti pale pale mlangoni.

"Mama, tulikosa. Hatukukushirikisha kwenye sare. Kimya chako tumekielewa."

Nilimtazama Injinia, Injinia akanitazama. Bibi Spika hakutazama mtu. Alisubiri kidogo, akapokea kitenge, akakipapasa, akasema, "Nimewasikia." Kisha akatoa risiti ya ukumbi kwenye kiswaswadu, akawaonyesha pesa imeshakwenda. Mmoja wa wajumbe alilia. Ile sare ilibadilishwa kuwa buluu, na harusi ilipendeza sana, nilikuwepo.

Usiku ule mke wangu aliandika taarifa mpaka nikalala. Asubuhi aliniomba nimsikilize akiisoma. Hatua moja moja, aina ya feni, umbali kutoka kwenye kiti, kilichotarajiwa, kilichotokea. Mwisho kulikuwa na mahali pa kutaja ukubwa wa tatizo, akaniuliza niweke nini. Nikasema la kati. Akaweka kalamu chini.

Ndipo akanisimulia habari ya Windows 10 ya Oktoba 2018, ile 1809. Microsoft walianza kuitoa tarehe 2, na siku chache baadaye wakaisimamisha, kwa sababu kwenye kompyuta za baadhi ya watu ilikuwa inafuta mafaili, picha na nyaraka za miaka. Ilirudi Novemba 13. Kinachomuuma Injinia ni kwamba wajaribuji walikuwa wameshaandika. Taarifa zilikuwepo kabla, lakini zilikuwa na kura chache, zikafunikwa na nyingine zilizopigiwa kura nyingi. Baada ya hapo ndipo Microsoft wakaongeza sehemu ya mtu kueleza ukali wa tatizo. "Kura zinahesabu wangapi wameumia," alisema. "Hazisemi wameumia kiasi gani." Akaweka kubwa. Simu isiyompeleka mtu sauti ni tatizo kubwa.

Alikuwa sahihi, na ninataka watengenezaji wa mifumo hii wasikie. Maabara yenye kiyoyozi haitaijua feni yangu. Haitamjua mhazini wa harusi, wala umeme unaopungua nguvu saa moja jioni. Zamani watu walilipa ili waonje: mwaka 2000 Apple waliuza beta ya Mac OS X kwa dola 29.95, na Mei mwaka uliofuata ikaacha kufanya kazi kwa sababu muda wake uliisha. Siku hizi ni bure, lakini nani anadhani ni bure? Mke wangu analipa kwa usingizi, sisi kwa jasho. Anayepokea kazi hiyo aisome mpaka mstari wa mwisho.

Na wewe mwenzangu, linda simu ya pesa. Toa akaunti yako kwenye simu unayomrithisha mzee. Na ujue kwamba kuingia beta ni kubonyeza, ila kutoka kurudi toleo la kawaida kabla ya wakati, mara nyingi simu inafutwa yote: picha, ujumbe, kila kitu.

Hilo ndilo lililotukwamisha. Injinia alimwambia mama yake kwamba atachukua bekapu, ataifuta simu, atamrudishia mfumo uliotulia, kazi ya jioni moja. Bibi akaikumbatia simu yake.

"Maandishi haya yatarudi kuwa madogo?"

"Kidogo, Mama."

"Basi niachieni."

Hoja ikafungwa. Laini ya kamati ikabaki kwenye kiswaswadu, na simu ya maandishi makubwa ikabaki kwenye beta. Toleo lililofuata lilipokuja, Injinia alimketisha sebuleni, akawasha feni mpaka namba ya mwisho, akampigia kutoka chumbani. Bibi akasikika, salamu zote, hali za watoto na dua.

Tangu hapo amekuwa mtu mwingine. Alinituma dukani nimletee kaunta buku yake, akamwita Tunu aipige mistari. Juzi asubuhi aliifungua mezani kabla ya chai, akavaa miwani, akatoa nafasi ya yeye mwenyewe kuzungumza, akasoma:

"Alfajiri. Kengele ya kuniamshia imelia chini chini. Nilitarajia ilie kwa nguvu. Feni ilikuwa imezimwa."

Injinia aliacha kumimina chai. "Mama, ulikuwa umeiweka wapi simu?"

"Chini ya mto."

"Andika na hilo."